Volti za PWM zinashuka nikiziunganisha kwenye inveta ya feni. Kapasita feki, au kosa langu?

DagaaKavu_Igombe – Jumapili, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wakuu. Niseme mapema kwamba umeme sijausomea darasani. Nimeuokota kwenye video za simu na kwa kuungua vidole, kwa hiyo mnivumilie.

Shangazi yangu anakausha dagaa Igombe, hapa Mwanza. Jua likiwaka hana shida, anaanika kwenye vichanja asubuhi na jioni wamekauka, ukimshika mmoja anavunjika. Kazi ni masika. Mvua ikipiga siku mbili mfululizo dagaa wanaanza kunuka, na mzigo ambao ungeuzwa soko la Mwaloni Kirumba kwa chakula cha watu unaishia kwa wenye chakula cha kuku, kwa bei ambayo hata mafuta ya boti haifiki. Mwaka huu nikasema hapana. Nimemjengea handaki la nailoni la mita nane, mwisho wake kuna feni ya kuvuta hewa.

Feni inaendeshwa na mota ya fezi tatu, kilowati 0.75, nimeipata kwa mtu kama chuma chakavu nikaisuka upya. Nyumbani umeme ni fezi moja, ndiyo maana nikatafuta inveta. Nasema ile ya kubadili mwendo wa mota, msije mkanishauri habari za betri na sola. Inveta ina sehemu ya kupokea ishara ya volti 0 hadi 10. Ikipewa 0 feni inasimama, ikipewa 10 inazunguka kwa hezi 50, mwendo kamili.

Nataka Arduino Uno R3 (kibao kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu) isome unyevu ndani ya handaki kwa kihisi cha DHT22, hewa ikiwa mbichi feni iongeze mwendo, ikikauka ipunguze. Kusoma unyevu nimeweza. Kilichonishinda ni kutoa volti.

Mara ya kwanza nilitoa waya moja kwa moja pini 9 hadi kwenye inveta, nikaandika `analogWrite(9, 128)`, amri ya PWM, yaani mipigo ya umeme, namba zake ni 0 hadi 255. Mita inasoma volti 2.5 safi kabisa, lakini kioo cha inveta hezi zinaruka: 9, 15, 11, 16. Feni inaguna kama ng'ombe.

Nikaambiwa niweke rezista ya 10k (omu elfu kumi) na kapasita ya 10uF kwenda gaundi (upande wa sifuri). Nikaweka. Mezani inasoma 2.50. Nikiunganisha inveta inashuka ghafla hadi 1.67, kioo kinaonyesha hezi 8.3. Haziruki tena, hilo nashukuru. Nikapandisha hadi 255, mezani 4.98, nikiunganisha 3.32, hezi 16.6. Na mimi nahitaji 40 huko!

Nimebadilisha kapasita tatu, kutoka maduka mawili tofauti. Zote hivyo hivyo. Ni feki, au kuna kitu sikioni? Mbalamwezi inaisha, giza likiingia boti zinarudi ziwani na dagaa wataanza kushuka kwa wingi. Nina kama siku kumi.

---

Mtaalamu_Buhongwa – Jumapili, saa 2:31 usiku

Kapasita feki hizo mkuu. Siku hizi wanabandika 10uF juu, ndani hakuna kitu. Chomoa kwenye redio ya zamani, zile zilikuwa kapasita.

---

nyaya_tatu – Jumapili, saa 2:58 usiku

Usijitese na PWM. Uno yako haina uwezo wa kutoa volti za katikati, jina `analogWrite` linadanganya watu kila siku. Agiza kibao cha MCP4725, kigeuzi cha namba kuwa volti, kinaunganishwa kwa nyaya nne tu, kina hatua 4096 badala ya hizo 256 zako. Kazi imeisha.

---

FundiMeli_Mstaafu – Jumapili, saa 4:20 usiku

Mwanangu wa Igombe, pole na shangazi mpe pole. Kapasita zako ni nzima. Mita yako nayo ni nzima. Nimependa kwamba umeandika namba, maana wengi wanatuletea "haifanyi kazi" halafu wanataka tupige ramli. Kwa namba zako mwenyewe jibu tayari unalo, ngoja nikuonyeshe lilipo.

Tuanze na pini. Pini 9 haijawahi kutoa 2.5. Inatoa 5 au sifuri, basi, haijui kingine. Ukiandika 128 inakaa kwenye 5 nusu ya muda na kwenye sifuri nusu nyingine, na mchezo huo inaurudia mara 490 kwa sekunde. Ukiandika 64 inakaa juu robo ya muda. Kinachobadilika ni upana wa mpigo, ndiyo maana ya PWM. Mita ya mkononi ni mvivu, inachukua wastani na kukuandikia 2.5. Inveta ni mwepesi zaidi, inachungulia, inakuta 5, inachungulia tena, inakuta sifuri. Hezi zako ziliruka kwa sababu hiyo, na feni ikaguna.

Ulipoweka rezista na kapasita ulifanya vizuri. Aliyekushauri alijua nusu ya kazi. Chukua pipa, ulijaze kwa mrija mwembamba ambao mtu anaubana na kuuachia, anaubana na kuuachia. Maji ndani ya pipa hayaruki na mkono wake, yanatulia kwenye kimo fulani. Pipa ni kapasita, mrija ni ile 10k. Mawimbi madogo yanabaki juu ya maji: kwa 10k na 10uF kwa mipigo 490 ni kama milivolti 25 kutoka kilele hadi bonde. Feni haiwezi kuyajua hayo.

Sasa toboa pipa chini. Inveta ndiyo tundu. Ndani yake, kutoka sehemu ya ishara hadi gaundi, kuna rezista. Ya kiasi gani? Umeshaipima, hukujua tu kwamba unapima. 2.50 ikawa 1.67. Theluthi mbili imefika, theluthi moja imebaki kwenye 10k yako. Kwa hiyo ya inveta ni mara mbili ya yako, 20k. Hakikisha kwa namba ya pili: 4.98 mara mbili gawa kwa tatu ni 3.32. Umeandika 3.32. Fungua kijitabu cha inveta, kwenye ukurasa wa viunganishi, utaikuta imeandikwa 20k au karibu yake.

Ungeweza kununua kapasita ishirini, namba ingebaki ile ile. Kapasita haiamui kimo cha mwisho, inaamua utulivu na muda wa kufika.

Utaniuliza, nikiweka rezista ya 1k badala ya 10k? Itashuka kidogo tu, utapata 4.74 kati ya 4.98. Lakini hiyo ni hezi 23 na kitu, na wewe unataka 40. Arduino ya volti 5 haiwezi kukupa 10 hata ukiiomba kwa magoti. Unahitaji kitu cha kupokea volti zako bila kuzinyonya, kuzizidisha mara mbili, na kuwa na nguvu ya kulisha ile 20k. Hiyo ni opampu. LM358, ile ya miguu minane, fundi redio yeyote anayo kwenye kopo.

Mguu wa 8 upe volti 12 kutoka adapta, wa 4 uende gaundi. Waya unaotoka kwenye makutano ya 10k na kapasita uingie mguu wa 3. Mguu wa 1 ndio unatoka kwenda inveta. Halafu weka 10k kati ya mguu wa 1 na wa 2, na 10k nyingine kati ya mguu wa 2 na gaundi. Hizo mbili zikilingana ndizo zinazozidisha mara mbili, kwa hiyo zipime kwanza kwa mita ziwe karibu sana. Upande wa pili wa chipu usiuache ukining'inia: unganisha wa 6 na wa 7, wa 5 upeleke gaundi.

Usije ukailisha LM358 kwa zile volti 5 za Arduino. Haiwezi kupanda hadi kwenye kimo cha chakula chake, inaishia kama volti moja na nusu chini. Kwa 5 utaishia 3.5 na utarudi hapa kuniambia chipu feki. Kwa 12 utafika 10 na ushee, inatosha.

Gaundi ya Arduino, ya adapta na ya upande wa ishara wa inveta ziwe pamoja. LAKINI soma kijitabu kwanza. Baadhi ya inveta za bei ndogo hazikutenganisha vizuri upande wa ishara na umeme mkubwa. Kompyuta usiichomeke kwenye Arduino wakati inveta iko hewani. Na ukizima inveta usiguse ndani kabla ya dakika kumi, zile kapasita kubwa zinashika moto wake muda mrefu. Melini nilimwona mwenzangu akirushwa na mashine ambayo "imezimwa".

Kijana wa MCP4725 hajakosea, ila na yeye ataishia volti 5. LM358 ataihitaji vilevile. Na hatua 256 kwa hezi 50 ni karibu sehemu mbili za kumi za hezi kila hatua. Dagaa hawatajua.

---

nyaya_tatu – Jumapili, saa 4:41 usiku

Mzee shikamoo. Hapo kwenye volti 10 umenikamata, sikusoma vizuri. Ila kwa kazi ya sauti au vipimo bado nasimama na kibao changu.

---

FundiMeli_Mstaafu – Jumapili, saa 4:50 usiku

Marahaba. Kwa sauti nakubaliana nawe mia kwa mia.

---

DagaaKavu_Igombe – Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu. Hiyo ya kwamba nimepima 20k bila kujua imeniuma, maana nimetumia nauli ya Igombe hadi mjini mara mbili kufuata kapasita.

Swali moja. Kuna mahali niliona wanasema ongeza kasi ya mipigo ili kapasita iwe ndogo. Ina faida kwangu au niache?

---

FundiMeli_Mstaafu – Jumatatu, saa 3:15 asubuhi

Marahaba. Kwa feni unaweza kuacha. Lakini ni mstari mmoja tu, na kapasita ndogo isiyo na chanya na hasi huishi kuliko ile ya mkebe, hasa kwenye joto la handaki lako. Kwenye `setup()` andika:

`TCCR1B = (TCCR1B & 0b11111000) | 0x01;`

Pini 9 na 10 zitapiga mara 31,372 kwa sekunde badala ya 490. Hapo 10k na 1uF yanatosha, mawimbi yanabaki kama milivolti 4, na volti zinatulia ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kwa ile 10uF ingechukua nusu sekunde.

Usijaribu mchezo huo kwenye pini 5 na 6. Saa inayoendesha hizo ndiyo ile ile ya `delay()` na `millis()`. Ukiigusa, dakika yako moja itakuwa sekunde moja na utamtafuta mchawi. Tena ukitumia maktaba ya servo, pini 9 na 10 zinaacha kutoa PWM kabisa.

---

DagaaKavu_Igombe – Jumatano, saa 1:05 usiku

Wakuu, ripoti.

LM358 nimeipata kwa fundi wa Pasiansi, kaitoa kwenye chaja mbovu, hakutaka hela. 128 inatoa 5.00 kwenye mguu wa 1. Nimeunganisha inveta, bado 5.00! Kioo hezi 25.0, imetulia kama imechorwa. 255 inatoa 9.96, hezi 49.8. Shangazi alikuja kuona, akasimama mlangoni mwa handaki kanga ikapepea, akasema "hee, kumbe ndiyo ilikuwa inakukondesha".

Lakini kuna jambo. Hayo yote ni mota ikiwa imechomolewa au inazunguka taratibu. Nikipita hezi 30, namba kwenye kioo zinaanza kutetemeka, 31.2, 30.6, 31.9. Na mara mbili Arduino imejizima na kuwaka upya yenyewe. Ikijiwasha hivyo, feni inashtuka kwanza halafu inatulia. Waya wa ishara ni mita tatu hivi, nimeufunga pamoja na waya wa mota kwa tai za plastiki ili pawe nadhifu.

---

Mtaalamu_Buhongwa – Jumatano, saa 1:12 usiku

Unadhifu ndio umekuponza.

---

FundiMeli_Mstaafu – Jumatano, saa 3:30 usiku

Leo Buhongwa kasema kweli.

Inveta inamlisha mota kwa PWM pia, ndugu yake huyo huyo wa pini 9, tofauti yeye anakata na kuachia mamia ya volti maelfu ya mara kwa sekunde. Waya wa mota ni kama mtangazaji, na wewe umemfunga mgongoni mwa waya wa ishara mita tatu nzima. Utenganishe. Kiganja kimoja hakitoshi, weka umbali wa mkono. Ikibidi zikutane, zipite kama msalaba, zisilale sambamba. Waya wa ishara uwe ule wenye wavu wa chuma ndani, wa maikrofoni unafaa, na wavu uuunge gaundi upande mmoja tu, wa inveta.

Kwenye LM358, kapasita ndogo ya 100nF kati ya mguu wa 8 na wa 4, karibu kabisa na chipu. Nyingine kama hiyo kwenye chakula cha Arduino. Nayo Arduino unailisha na nini? Kama ni chaja ya simu ya kuokoteza, kumbuka kwamba volti zako za PWM ni sehemu tu ya zile 5. Chaja ikishuka hadi 4.7, na feni inashuka nayo, hata kama hukubadilisha namba.

Kwenye orodha ya mipangilio ya inveta kuna sehemu ya kuchuja ishara inayoingia. Ipandishe kidogo. Wewe huhitaji wepesi.

Kushtuka kwa feni ni jambo lingine. Arduino inapojiwasha, kwa muda mfupi pini 9 haishiki chochote, inaelea hewani, na mguu wa 3 wa LM358 unaelea nayo. Weka rezista ya 10k kutoka pini hiyo kwenda gaundi. Arduino ikizimia, volti zinakwenda sifuri na feni inasimama kwa adabu.

Halafu usiishushe mota chini ya hezi 20 kwa muda mrefu. Feni yake ya mgongoni ya kujipooza inazunguka na mhimili huo huo. Ikienda polepole mota inachemka. Kwenye programu yako weka: ama sifuri, ama kuanzia 102 kwenda juu.

---

DagaaKavu_Igombe – Ijumaa, saa 11:50 jioni

Mzee, waya nimetenganisha, wavu nimeunga upande wa inveta. Chaja niliyokuwa natumia ilikuwa 4.71 mota ikiwaka, nimeitupa, nimeweka nyingine. Kutetemeka kumekwisha hata kwenye hezi 45. Haijajizima tangu jana asubuhi. Usiku wa leo boti za kwanza zinaingia ziwani, karabai zimeshajipanga ufukweni.

Ila nimeweka ile 10k ya gaundi uliyosema na sasa nikiandika 255 napata hezi 24.9 tu. Nikiitoa inarudi 49.8. Nimeipima, ni 10k kweli. Nimekosea wapi?

---

FundiMeli_Mstaafu – Ijumaa, saa 12:20 jioni

Umeiweka upande gani wa 10k ya kwanza? Upande wa pini, au upande wa kapasita?

---

DagaaKavu_Igombe – Ijumaa, saa 12:24 jioni

Upande wa kapasita. Palikuwa na nafasi.

---

FundiMeli_Mstaafu – Ijumaa, saa 12:31 jioni

Basi umetoboa pipa tena. 10k mbili sawa, nusu inafika, nusu inabaki njiani. Ihamishie kwenye pini yenyewe, kabla ya ile ya kwanza. Pale Arduino ina nguvu ya kuilisha, haitaitambua.

---

DagaaKavu_Igombe – Ijumaa, saa 12:47 jioni

49.8. Nilitakiwa kuliona hilo mwenyewe. Naenda kumsaidia shangazi kutandika nyavu.